Moyo umemwangukia nguva: jibu kwa kijana wa Somanga

Kijana wa Somanga, wilayani Kilwa, anauliza. Anavua na mjomba wake kwa jarife, wavu wa matundu makubwa wa kunasia papa na taa. Miaka minne iliyopita waliinua wavu alfajiri wakamkuta nguva jike, mnyama mkubwa wa baharini anayekula majani, bado ana uhai kidogo, machozi mazito yakimtoka. Hawajafika pwani akawa amekufa. Tangu siku hiyo, anasema, mnyama yule hamtoki moyoni. Anamwota. Watu wakianza kusimulia habari za nguva barazani, yeye huinuka akaenda zake. Mama yake anaona ni jini wa bahari. Wenzake chomboni wanamtania kuwa ameposa majini. Hajamwona mwingine hai mpaka leo. Maswali yake ni matatu. Je, huu ni ugonjwa? Atawezaje kuwa karibu na nguva, ikiwezekana aogelee nao hadi wamzoee? Na afanye nini na jarife la mjomba, ambalo ndilo linalomlisha?

Ndugu yetu, tuanze na la ugonjwa kwa sababu ndilo fupi. Kumpenda mnyama wa mwituni au wa baharini kiasi cha kumwomboleza si ugonjwa. Katika visiwa vya Mlango wa Torres, kaskazini mwa Australia, ziko koo ambazo nguva ndiye ishara yao tangu enzi za mababu. Mtu huzaliwa akihesabiwa kuwa wa nguva, wala hakuna anayemtafutia mganga. (Na huko huko nguva huwindwa na kuliwa, maana bado ni wengi. Mapenzi ya binadamu kwa mnyama yana sura nyingi.) Daktari haangalii unampenda nani, anaangalia maisha yako yanakwendaje. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, usingizi umekatika, chakula hakipiti, kazi imekushinda na hakuna tena kinachokufurahisha, nenda hospitali ya wilaya ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, ueleze kama ulivyotueleza sisi. Ukijiwa na wazo la kujidhuru usingoje wiki wala siku. Mama akitaka kukusomea dua, mwache akusomee, haigombani na hospitali. Shida huja pale dua inapokuwa sababu ya kuahirisha kwenda.

Sasa yale machozi, kwa sababu tunadhani ndiyo yaliyokushika. Jicho la nguva hutoa ute mzito unaolilinda na chumvi. Akiwa majini ute huo huoshwa, hauonekani. Akitolewa nje hujikusanya ukateremka usoni. Yangemtoka vilevile hata kama hakuwa na maumivu yoyote. Hatusemi hakuteseka. Aliteseka, ila mateso yake yalikuwa ya pumzi, na hilo tutalifikia kwenye habari ya wavu. Ni vema ulijue, kwa sababu mtu aliyeamini kwamba mnyama alimlilia yeye hubeba deni lisilolipika. Hakukulilia wewe, wala hakukulaumu.

Na zile simulizi za watu kwamba nguva ni mwanamke zina chanzo chake. Chuchu zake mbili ziko makwapani, nyuma ya mapezi ya mbele, si tumboni nyuma kama za ng'ombe. Ndama hunyonya hapo, na huendelea kunyonya mwaka mmoja na nusu au zaidi ingawa huanza kuonja majani mapema. Kwa ukoo, jamaa zake wa karibu walio hai ni wanyama wa mito na pwani za Atlantiki wanaoitwa manati, kisha tembo. Mapezi yake hayana kucha, mkia umegawanyika kama wa nyangumi, na ndani ana utumbo unaofika mita 25 na zaidi kwa ajili ya kusaga majani. Mkubwa hufikia karibu mita 3 na kilo 400, na anaweza kuishi miaka 70. Yule jike wenu huenda alikuwa na umri wa bibi yako.

Swali la kuogelea nao jibu lake ni hapana, na tutakueleza kwa nini ili usidhani ni amri tu. Nguva ni mwoga, na silaha yake ni moja: kukimbia. Mtu au chombo kikimkaribia, huacha kula akakimbilia kilindini. Kama ana ndama, wanaweza kupotezana. Mnyama anayeishi kwa majani hana nguvu za kuchezea. Hula kilo 30 na zaidi kwa siku, na kila saa ya kukimbizwa ni saa ya njaa. Halafu fikiria kumzoesha mtu katika bahari iliyojaa nyavu. Nguva atakayeacha kuogopa umbo la mtumbwi atakufa kwa kutoogopa.

Mfano upo. Mwaka 2019 huko Thailand alipatikana ndama yatima, wakampa jina la Mariam. Madaktari wa wanyama na watu wa kujitolea walimnyonyesha kwa chupa, wakamlisha nyasi bahari, wakamkumbatia majini. Picha zake zilienea duniani na watu walimpenda sana. Miezi michache baadaye, Agosti mwaka huo huo, alikufa kwa maambukizi, na vipande vya plastiki vilikutwa vimeziba utumbo wake. Wale walimfanyia kila waliloweza, na kwa yatima hapakuwa na njia nyingine. Lakini mapenzi yao hayakuiondoa plastiki kwenye nyasi.

Kwa hiyo ukaribu unaoutafuta uwe wa kumjua bila yeye kukujua. Upande wako kuna mengi ya kufanya, na wewe una nafasi ambayo wataalamu wengi hawana: unakaa Somanga. Katika Tanzania, maji ya kati ya delta ya Rufiji na Kilwa ndiyo yanayojulikana zaidi kuwa bado yana nguva. Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, mwaka 2022 liliweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, likikadiria wakubwa wa kuzaa hawafiki 250 katika ukanda wote, na kundi kubwa lililosalia liko Bazaruto, Msumbiji. Kwa idadi hiyo, mtu anaweza kuvua maisha yake yote asimwone. Ndiyo maana anayetaka kumjua nguva huanza na alama zake.

Alama hizo ziko kwenye nyasi bahari. Usichanganye na mwani: nyasi bahari zina mizizi halisi, hutoa maua na huota kwenye mchanga au tope. Nguva hupenda zile laini na ndogo. Moja ina majani ya umbo la yai, mawili mawili, urefu wa sentimita 1 hadi 4. Nyingine ina majani membamba kama uzi mpana. Zile ndefu zenye shina gumu la kama mti, zinazojaa pembezoni mwa miamba, hazipendi sana. Kwa hiyo ukitafuta kwenye msitu mnene wa majani marefu unapoteza wakati. Nenda kwenye uwanda wa majani mafupi, ambao wavuvi wengi huupita wakidhani hauna kitu.

Chagua siku za bamvua, yaani siku mbili tatu baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Katika pwani yetu maji ya bamvua hukauka sana kati ya saa nne na saa sita mchana, na hilo ni bahati, kwa kuwa jua liko juu na unaona chini vizuri. Toka na maji yanapopwa, tembea au sukuma mtumbwi kwa pondo, usitumie mashine. Unachotafuta ni mfereji: nguva hula akienda mbele, akichimba kwa mdomo na kung'oa jani pamoja na mzizi. Huacha njia yenye upana wa sentimita 10 hadi 25, kina cha sentimita 3 hadi 5, urefu wa mita moja hadi kadhaa, inayopinda kidogo, na ndani yake hakuna kilichobaki isipokuwa mchanga. Mara nyingi huwa mifereji mingi mahali pamoja, ikikatana.

Hapa ndipo watu hukosea. Taa, yule samaki bapa, naye huchimba, ila shimo lake ni duara kama sahani. Kasa hula juu, anakata ncha za majani na kuacha mizizi, kwa hiyo nyasi huonekana zimekatwa, hazijang'olewa. Nanga huacha shimo refu lenye udongo umerundikana upande mmoja. Panga la mashine hukata mstari ulionyooka kabisa, mara nyingi mrefu kuliko mfereji wowote wa nguva. Juya lililokokotwa hulaza na kuparua eneo pana. Ukibaki na shaka, pima upana sehemu tano za mfereji mmoja: wa nguva haubadiliki sana, kwa kuwa ni upana wa mdomo ule ule.

Mfereji mpya una kingo kali na vipande vya majani vinaelea karibu. Wa zamani kingo zimebomoka na chipukizi zimeanza kuingia kutoka pembeni. Piga picha kutoka juu ukiwa umeweka rula au hata kalamu kando yake. Picha isiyo na kipimo haina kazi. Washa huduma ya mahali (location) kwenye simu ili namba za GPS zibaki. Rudi bamvua inayofuata uone umefunikwa kiasi gani.

Kumwona mwenyewe kunahitaji macho yaliyotulia na bahari iliyotulia. Chagua asubuhi ya mapema kabla upepo haujaamka, hasa kipindi cha matlai, kati ya kusi na kaskazi. Mawimbi yakianza kuvunjika meupe, achana nayo. Nguva hana pezi mgongoni, wala hapulizi maji. Hutoa pua tu, sekunde moja au mbili, kisha mgongo wa mviringo wa kijivu au kahawia, na akizama kilindini mkia huchomoza. Pomboo utamjua kwa pezi lake. Kasa hutoa kichwa chote na kutazama. Nguva huibuka kila baada ya dakika chache, kwa hiyo ukidhani umemwona, tia saa na utazame eneo pana, maana hatatokea alipozamia. Ukiwa na mashine, zima ukiwa mbali, mita 100 au zaidi, na mwache yeye aamue. Akibadilisha mwendo ghafla au akaacha kuibuka, umeshamsumbua. Ondoka polepole kwa kafi. Jike mwenye ndama usimfuate hata kidogo.

Tufike kwenye jarife, ambalo ndilo kiini cha swali lako hata kama uliliweka mwisho.

Nguva anapumua hewa. Kawaida huzama dakika tatu hivi, akijitahidi sana hufika kama dakika kumi na mbili. Akigusa wavu harudi nyuma kama samaki mjanja. Hujizungusha, na kila mzunguko humfunga zaidi. Jarife hulala baharini usiku kucha. Hapo hesabu inajionyesha yenyewe. Watu wengi hushauri kukagua wavu kila saa, na ni ushauri mzuri kwa kasa, ambaye akitulia huvumilia muda mrefu zaidi. Kwa nguva haufai kitu: saa moja ni nyingi mno. Kitu pekee kinachomwokoa ni mahali wavu ulipowekwa.

Na thamani ya mmoja ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Jike huanza kuzaa akiwa na miaka 6 mpaka 17, hubeba mimba mwaka mmoja na zaidi, huzaa ndama mmoja, kisha hupumzika miaka mitatu hadi saba. Hata mambo yakienda vizuri kabisa, kundi haliongezeki zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka. Chukua kundi la nguva 20: ongezeko lake bora ni mmoja kwa mwaka. Wavu mmoja ukinasa mmoja, mwaka huo umekwisha. Ukinasa wawili, kundi linapungua. Hii ndiyo sababu wazee wa Rufiji na Kilwa waliovua miaka ya 1960 na 1970 husimulia kuwaona wengi, na wewe umemwona mmoja.

Usikate wavu wa mjomba kwa siri. Tunalisema kwa sababu wapo walioshawishika. Atanunua mwingine kwa deni, atavua zaidi ili alipe, na wewe utakuwa umepoteza sikio la mtu pekee anayejua mahali jarife linapolala. Mwendee kwa heshima yake, siku ambayo hamkutoka baharini, na usianze na nguva. Anza na ramani: mwulize kwa mwaka huu alitega wapi, na wapi alipata papa na taa wengi. Kisha mwonyeshe mifereji yako. Mara nyingi utakuta pazuri kwa papa na taa na panapopita nguva si pamoja kote. Ni sehemu chache tu zinazogongana, hasa mikondo ya katikati ya viwanja vya nyasi, ambako nguva hupita maji yanapojaa na kupwa. Ombi lako liwe hilo tu: usiku asitege kwenye mikondo hiyo miwili mitatu. Ombi dogo lenye mahali pake hujibika. Ukimwambia aache jarife, atakuuliza watoto watakula nini, na hutakuwa na jibu. Akikubali hata mkondo mmoja, lipeleke ombi hilo BMU ya kijiji, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, maana makubaliano ya chombo kimoja hayamzuii jirani kutega pale pale. BMU ndiyo inayoweza kuyapendekeza yawe sheria ndogo.

Mkimkuta tena akiwa hai wavuni, jambo la kwanza ni pua yake. Zima mashine, mtu mmoja ashike kamba ya maboya kuinua kichwa mpaka pua iwe juu ya maji, ndipo wengine waanze kukata. Kateni wavu kuanzia kichwani kuelekea mkiani, kisu kikitazama nje. Hasara ya wavu iko, ielezeni baadaye. Msimshike mkia kumvuta, kwa kuwa uti wake huumia hapo, na pia pigo la mkia linaweza kuvunja mkono. Msimpandishe chomboni: nje ya maji uzito wake mwenyewe humgandamiza. Akishakuwa huru, mwekeni aelekee kilindini, hakikisheni hakuna kipande cha nyuzi kwenye pezi, kisha subirini mwone amepumua mara mbili tatu kabla hamjaondoka.

Akiwa amekufa, nyama yake isigawanywe wala kuuzwa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinamlinda, na hofu ya sheria ndiyo huwafanya wengi wamzamishe kimya kimya, tusidanganyane. Njia salama ni kutoa taarifa mapema na kwa pamoja: BMU, mtendaji wa kijiji, afisa uvuvi wa halmashauri. Aliyetangulia kusema haonekani kama aliyekamatwa. Sea Sense, asasi ya Kitanzania inayoshughulika na kasa na nguva, hupokea taarifa za namna hiyo. Kabla hajachukuliwa, pima urefu kwa mstari ulionyooka, toka ncha ya mdomo hadi kwenye pengo la katikati ya mkia, usifuate mviringo wa mwili. Jinsia utaijua kwa tundu la uzazi: likiwa karibu na kitovu ni dume, likiwa karibu na tundu la haja ni jike. Piga picha ubavu mzima na makovu yote.

Kazi nyingine inayokufaa, hasa wewe unayeondoka barazani wakitajwa, ni kukaa ukasikiliza. Waulize wazee, ila usianze kwa kuonyesha picha ya nguva. Mtu akionyeshwa picha hukumbuka hata asichokiona. Mwache aeleze umbo mwenyewe. Ukishajua anamzungumzia nguva, uliza mara ya mwisho alipomwona ilikuwa lini, na umsaidie kwa matukio, kabla au baada ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kwa mfano. Uliza mahali, kina, wangapi, kama palikuwa na ndama, na kama alikuwa hai au wavuni. Andika maneno yake, usiyasahihishe.

Daftari lako liwe na safu za tarehe, saa, mahali, hali ya bahari, ulichokiona, na saa ulizotumia kutazama. Safu ya mwisho ndiyo watu huiacha, na bila hiyo haijulikani kama hukuona kwa sababu hawapo au kwa sababu hukutazama. Siku za patupu nazo ziandikwe. Nakala moja mpe katibu wa BMU, nyingine ibaki kwako ndani ya mfuko wa nailoni. Mahali penye mifereji mipya usipatangaze kwenye makundi ya WhatsApp, wala usitume picha ya nguva hai ikiwa na jina la mahali. Wako wanaoitafuta nyama hiyo, nao pia wana simu.